Karatasi za Ijumaa

Alhamisi, 1 Machi 2001

Leo wamenihamisha meza. Naandika haya kwenye kitabu cha mahudhurio cha mwaka 1994 ambacho hakikutumika, maana nisipoyaandika nitayatapika mbele za watu.

Miaka kumi na saba nimekaa dirishani. Chumba cha kusomea cha ofisi yetu ya maji kina benchi moja, makabati matatu na dirisha moja tu, na kwenye dirisha hilo, mawingu yakikubali, unauona Meru wote. Mimi ndiye mtunza rejista. Rejista yenyewe ni kitabu kikubwa chenye gamba la kijani, na ndani yake zimeandikwa haki zote za maji kuuzunguka mlima: mfereji gani, wa nani, unachota mto upi, kiasi gani, tangu lini. Sheria inasema mwananchi yeyote akija akaomba, asome mwenyewe au asomewe. Anajaza fomu, mimi namfungulia. Wamekuja maprofesa, wamekuja wazee wasiojua a wala be, wote nimewafungulia.

Leo dirishani imewekwa kompyuta, na nyuma ya kompyuta amewekwa binti anayeitwa Brightness, mzaliwa wa Makumira, miaka ishirini na mitano, stashahada yake wino haujakauka. Kazi yake ni kuinakili rejista yangu na kuiweka kwenye intaneti. Meza yangu imesukumwa hadi mlangoni. Kila anayeingia ananigonga na mlango.

"Mama Anande," akaniambia bosi wetu, Bwana Sylvanus, huku akikenua, "sasa mwananchi hana haja ya kuja huku. Ataisoma rejista akiwa popote duniani."

"Mwananchi gani huyo, bosi? Wa mfereji?"

Akacheka. Binti akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba kwa pua.

Ijumaa, 2 Machi

Jua kali. Dirishani joto limemzidi binti, amelalamika. Nimefurahi.

Jumatano, 7 Machi

Brightness hawezi kusoma mwandiko wa makarani wa zamani. "Mama, samahani, hii ni saba au moja? Mama, hapa pameandikwaje?" Kutwa nzima mama, mama. Nimemsomea haki arobaini leo peke yake, mpaka koo limekauka. Saa tisa bosi akaingia, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Hongera, Brightness! Kazi imekwenda hivi?" Nilikuwa nimesimama palepale, kidole changu kikiwa bado kwenye ukurasa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ijumaa, 16 Machi

Wamezindua. Wameleta soda na keki, na wazungu wawili wa mradi uliotoa kompyuta. Tovuti, ndivyo wanavyoiita. Bosi ameshukuru mradi, ameshukuru Brightness, amewashukuru watu wa umeme kwa kutokata umeme, amemshukuru hata dereva. Nilikuwa nimejiandaa kusimama kidogo na kuinamisha kichwa atakaponitaja. Hakunitaja. Nimekunywa soda ya tangawizi ikanipanda puani.

Baada ya wageni kuondoka nilimwomba Brightness anifundishe jambo moja tu, namna ya kutoa kurasa za tovuti kwenye printa. Alifurahi mno, masikini. Akanishika mkono, "Bonyeza hapa mama, halafu hapa." Nilimwambia nataka kubandika ukutani kwa ajili ya watu wanaoogopa kompyuta. Uongo. Nataka makosa yake. Mtu anayeuliza kama ni saba au moja hawezi kukosa makosa, na mimi nitayakusanya kwa kalamu nyekundu mpaka yawe mengi, kisha nitayaweka mezani kwa bosi.

Karatasi zilipotoka nikaona kumbe mashine inaandika yenyewe pale chini siku na saa. Mbea kamili.

Sasa mimi ni mtu wa masijala. Karatasi haipiti mkononi mwangu ikabaki uchi. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku ya ndoa yetu nilikitafutia cheti namba ya folio, ile inayoonyesha nafasi ya karatasi ndani ya jalada. Kwa hiyo nilizigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikatia saini, nikazipa folio ya kwanza, nikazifungulia jalada. Juu ya jalada nikaandika kwa herufi kubwa: MAKOSA YA BRIGHTNESS. Nikaliingiza kwenye orodha ya majalada na kulipa namba, maana jalada lisilo na namba ni karatasi za kufungia karanga tu.

Ijumaa, 23 Machi

Wakati Brightness amekwenda kula, nimetoa kurasa tena. Makosa mawili! Na. 44 kaandika mto usio wake, na. 58 kakosea kiasi. Nimeyazungushia wekundu. Pembeni nimeandika: Na anajiita msomi.

Ijumaa, 30 Machi

Kosa la na. 44 amelirekebisha mwenyewe kabla sijamwambia mtu. Ameniibia hata makosa yake.

Mvua za kwanza zimenyesha jana alasiri, kubwa, za mawe. Mlangoni panavuja.

Jumapili, 8 Aprili

Nilidhani nyumbani Sekei nitapumzika na jina la Brightness. Tumetoka ibada, binti yangu Anande ananimenyea ndizi, mara anasema, "Mama, dada Brightness kanifungulia barua pepe. Yule dada ni noma! Kwa nini hujawahi kuniambia kazini kwenu kuna mtu kama yule?"

Miaka mitatu nimemwomba Anande aje ofisini nimwonyeshe rejista, jinsi babu zake walivyoandikishwa maji mmoja mmoja. Kila mara ana homuweki. Kumbe ofisini amefika, tena mara mbili, nikiwa nimekwenda posta.

Nimempa jibu baya. Ndizi zimeungua.

Alhamisi, 12 Aprili

Kesho ni Ijumaa Kuu, ofisi imefungwa. Zawadi ya Pasaka kutoka kwa Brightness: doti ya kanga, nyekundu na manjano. Nimeifungua kusoma jina. MWENYE WIVU AJINYONGE. Nimelisoma mara tatu.

"Nimeipendea rangi, mama," akasema, na macho yake meupe kabisa, hayana hila. Hilo ndilo linalonichosha kwa huyu mtoto. Angekuwa na hila ningepata pa kumshika.

Jumatatu, 23 Aprili

Siku hii sitaisahau. Amekuja Mzee Parsimei.

Huyu ni mwenyekiti wa Mfereji wa Nasieku, upande wa magharibi wa mlima. Kaya zaidi ya sitini zinanywa humo, na ng'ombe, na mahindi, na maharage. Kwenye rejista ni haki namba 31. Cheti chao kiliungua pamoja na nyumba ya katibu wao mwaka 1989, ndiyo maana kila masika mzee anateremka kuja kuangalia kama namba yake bado ipo. Hajui kusoma, lakini ukurasa wake anaujua kwa sura, una doa la chai pembeni. Anauliza, "Mama Rejista, iko?" Mimi namjibu, "Iko, mzee." Kisha ananipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Miaka kumi na miwili.

Leo aliingia, mlango ukanigonga, akanisalimia vizuri. Nikainuka kufuata kitabu. Brightness akasema, "Mzee, karibu huku, huna haja ya kusumbuka." Akakigeuza kioo. Mzee akainama, akagusa namba yake kwa kidole gumba. "Iko! Iko kwa televisheni!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwita yeyo, kama wanavyowaita mama zao kwa Kimasai. Nimebaki nimekumbatia kitabu changu.

Na kibuyu akampa Brightness.

Nimesema nitaandika ukweli humu. Nilikwenda uani nikalia kwa ajili ya maziwa.

Jumatano, 25 Aprili

Umekuja waraka. Vitabu vyote vilivyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta viondolewe kupisha nafasi. Mtunza rejista aandike kama ana pingamizi.

Brightness ndiye aliyesema kwanza. "Mama, kile cha kijani tungekibakiza tu. Kompyuta inaweza kuharibika."

"Si wewe uliyeileta?"

Nikachukua kalamu. Nikaandika: Sina pingamizi. Kompyuta inatosha. Bosi akauliza, "Hata kile cha kijani?" Nikasema hata kile cha kijani. Ukimwaga ugali, mimi namwaga mboga. Magunia manne yametoka leo kwenda kwa Hanna, anayekaanga maandazi pale getini.

Ijumaa, 27 Aprili

Kabati tupu linanuka vumbi. Nimenunua andazi kwa Hanna, limefungwa kwa ukurasa wa haki na. 9. Nimelila nikaitupa karatasi.

Ijumaa, 4 Mei

Nimepitia kurasa zote, haki zote mia na kumi na mbili, kwa kichwa, maana kitabu hakipo. Hakuna kosa jipya hata moja. Nimegonga muhuri.

Jumatatu, 14 Mei

Mvua tu. Tangazo jipya limebandikwa mlangoni na kwenye tovuti: kampuni moja ya maua inaomba maji kutoka mto uleule unaolisha Mfereji wa Nasieku, juu zaidi, karibu na chanzo. Mwenye haki ya maji kwenye mto huo akiwa na pingamizi ajitokeze. Mapingamizi yatasikilizwa tarehe 14 Juni.

Siku hizi ni maua kila mahali, ukienda Usa River ni mahema ya plastiki tu. Sina ugomvi na maua. Lakini wakichota juu, chini patabaki mawe.

Ijumaa, 18 Mei

Hakuna kosa jipya.

Jumanne, 22 Mei

Bosi amemwomba Brightness namba ya siri ya tovuti. "Niwe nayo tu, ukiugua je?" Akaandika kwenye kiganja. Mimi hajawahi kuniomba hata ufunguo wa kabati.

Ijumaa, 25 Mei

Nimelipata! Kosa kubwa kuliko yote! Orodha inakwenda 29, 30, 32. Thelathini na moja haipo! Amefuta haki nzima na hana habari, amekaa anakula embe. Nimezungusha duara jekundu kubwa kwenye lile pengo. Sitasema kwa mtu. Jumatatu ijayo kuna kikao cha wafanyakazi wote, nitalileta mbele ya kadamnasi.

Nimetoka kazini nikiimba.

Jumanne, 29 Mei

Jana sikulileta, kikao kiliahirishwa kwa ajili ya mvua. Leo amekuja Mzee Parsimei, amelowa mpaka shuka linatiririka. Amekuja kuweka pingamizi lake juu ya maua.

Brightness akafungua kompyuta. Akapandisha, akateremsha. Akarudia. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho, na naona haya kuandika kwamba bado nilikuwa na furaha.

"Mzee, subiri kidogo." Sauti ilikuwa imebadilika.

Bosi akaitwa. Akatazama, akashusha miwani. "Haki hiyo haipo. Mfereji usio na haki hauwezi kuweka pingamizi. Ndiyo sheria."

"Iko," akasema mzee. "Mwezi ule nimeishika na hii." Akaonyesha kidole gumba. Kisha akanigeukia mimi. Si Brightness, mimi. "Mama Rejista. Lete ile kitabu ya kijani."

Nikasimama. Miguu ilikwenda yenyewe mpaka kabatini, ikanifikisha mbele ya vumbi. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nakijua tangu siku ile, lakini kujua na kuelewa ni vitu viwili.

"Hakipo, mzee. Kilitolewa."

"Nani alitoa?"

Bosi akasema, "Ni utaratibu." Mimi nikafunga kabati. Mzee akakaa benchi, maji yakidondoka sakafuni. Hakunitukana. Akasema, polepole, maana Kiswahili chake anakitafuta neno kwa neno, "Mimi nilifikiri, hata televisheni ikufe, Mama Rejista yuko."

Alipoondoka bosi akamgeukia Brightness. Alikuwa mtulivu mno. "Binti, uliruka namba wakati wa kunakili. Tangu mwanzo haikuwepo. Mambo ya uzembe haya." Brightness akaapa kwa jina la mama yake kwamba aliiandika. "Mama Anande, wewe si ulinisomea? Si ulinisomea thelathini na moja?"

Bosi akaniangalia. Nikasema, "Nilisoma nyingi, sikumbuki."

Ninakumbuka. Niliisoma Jumanne tarehe sita Machi, saa nne asubuhi, nikamwonyesha hata lile doa la chai. Na ninazo Ijumaa tisa, tarehe zote, saa zote, zilizoandikwa na mashine yenyewe na kugongwa muhuri kwa mkono wangu. Katika zote tisa namba 31 ipo. Ya kumi haipo. Kati ya ya tisa na ya kumi kuna Jumanne moja tu, Jumanne ya kiganja cha bosi.

Jumatano, 30 Mei

Nimekwenda kwa Hanna kabla ya kazi. "Dada Ndeshi," akaniita kwa jina langu, "lile la kijani? Karatasi nzuri ile, nzito, haipitishi mafuta! Iliisha wiki ya kwanza." Akanitafutia chini ya beseni. Limebaki gamba, anakalia.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimenunua maandazi matano ambayo sikuyala.

Ijumaa, 1 Juni

Bosi ameniita ofisini, akafunga mlango. Brightness anaandikiwa barua ya kuachishwa, baada tu ya tarehe 14. "Vijana hawa, Mama Anande! Tungekusikiliza wewe mkongwe. Meza ya dirishani ni yako. Wakikuuliza, sema tu kwamba namba hiyo huikumbuki. Si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo nilivyosema. Miezi mitatu nimekuwa nikisubiri mtu aniambie maneno hayo. Nilidhani yatakuwa matamu.

Jumatatu, 4 Juni

Brightness hajaniamkia leo. Hajanuna, amesahau tu. Anatazama dirishani.

Jumapili, 10 Juni

Sikuimba kanisani.

Nimejipangia mambo ili niyaone. Nikinyamaza: binti anaondoka, dirisha linarudi, Anande anarudi, Mzee Parsimei anapoteza maji. Nikitoa jalada: mzee anapata maji yake, binti anasifiwa kwamba hakuruka namba, na mimi naumbuka mara mbili, kwa kitabu na kwa wivu. Ona basi nilivyo: kati ya hayo yote linalonichoma zaidi ni lile la binti kusifiwa. Kaya sitini, nami nafikiria nani atapigiwa makofi.

Jumatano, 13 Juni

Nimekata karatasi nyeupe, nikaipaka gundi, nikaibandika juu ya jina la jalada. NAKALA ZA TOVUTI, safi kabisa. Nikakaa nalo. Kisha nikafikiri kama mtu wa masijala: jalada lililobandikwa jina jipya ni jalada lililochezewa. Kitu cha kwanza ambacho bosi atasema ni hicho, na atakuwa sahihi. Orodha ya majalada ina jina la zamani, kwa mwandiko wangu.

Nimeibandua. Imetoka na ngozi kidogo ya jalada, lakini herufi zote zinasomeka. Niliziandika kubwa mno.

Alhamisi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa. Watu wa kampuni mbele, na tai zao. Wa mfereji nyuma, na mashuka yao, wanawake kwa wanaume. Afisa msikilizaji alitoka makao makuu, mama mmoja wa makamo, Bibi Theresia, miwani kwa kamba, haraka haraka, hataki hadithi. Bosi akaeleza kwamba namba 31 haikuwahi kuwepo kwenye tovuti, na kitabu cha zamani kiliondolewa kihalali. Brightness alikaa pembeni, amevaa nguo ya kanisani, amefumba mikono.

"Kuna mwenye nyaraka yoyote kuhusu hili?" akauliza Bibi Theresia, tayari akifunga kalamu.

Nilisimama. "Shikamoo, mheshimiwa. Naitwa Ndeshi, mtunza rejista. Ninalo jalada."

Niliona uso wa bosi. Kisha nikatembea mpaka mbele, nikaliweka mezani. Bibi Theresia akalivuta, akarekebisha miwani, na kama anavyotakiwa kufanya kila afisa anayepokea nyaraka barazani, akasoma jina kwa sauti ili liandikwe.

"Jalada lenye kichwa: Makosa ya Brightness."

Ukumbi ukacheka. Si wote. Sikumtazama Brightness, nilitazama viatu vyangu.

"Folio ya kwanza, tarehe 16 Machi. Namba thelathini na moja, Mfereji wa Nasieku. Ipo. Muhuri upo. Folio ya pili. Ipo. Hapa pembeni pameandikwa kwa wekundu... na anajiita msomi." Akanitazama juu ya miwani. "Hii ni sehemu ya nyaraka?"

"Ni mwandiko wangu, mheshimiwa."

"Itaingia." Naye akaendelea. Hakuruka hata neno, yule mama. Kila Ijumaa na wekundu wake. Alipofika folio ya saba, tarehe 4 Mei, akasoma: "Leo hakuna kosa jipya hata moja. Inaniuma."

Hapo hakuna aliyecheka.

"Folio ya tisa, 18 Mei, ipo. Folio ya kumi, 25 Mei." Akapitisha kidole juu ya duara jekundu. "Haipo. Nani alikuwa na uwezo wa kubadilisha kati ya tarehe hizo?"

Nikasema nilichokiona Jumanne ile. Halafu, kabla hajaniuliza, nikasema na lile lingine, maana lingenitafuna: kwamba kitabu cha kijani hakikuondolewa na utaratibu, kiliondolewa na mimi. Niliulizwa kama nina pingamizi nikasema sina. "Kwa nini?" akauliza. Nikasema, "Kwa sababu ya kibuyu cha maziwa, mheshimiwa." Karani akaacha kuandika. Bibi Theresia akamwambia aandike.

Haki namba 31 imetambuliwa. Pingamizi limepokelewa, na kampuni haitachota juu ya mfereji mpaka mto upimwe upya kiangazi. Watu wa nyuma walisimama wote kwa pamoja, wanawake wakaanza wimbo. Mzee Parsimei akapita mbele yangu, akasimama. Nilidhani atanishika mkono. Akasema tu, "Kitabu ile ilikuwa ya baba yangu pia," akaenda zake. Anayo haki.

Brightness alitoka kwa mlango wa nyuma.

Ijumaa, 22 Juni

Barua ya onyo kali imeingia kwenye faili langu. Bwana Sylvanus ameitwa makao makuu na hajarudi. Mvua zimekatika. Brightness ananiamkia, "Shikamoo," bila mama.

Jumatatu, 2 Julai

Mradi umefikia mwisho wake tarehe 30, na wazungu wameondoka na kuizima kompyuta yao kuu iliyokuwa huko kwao, ndiyo iliyobeba tovuti. Leo asubuhi Brightness amefungua tovuti. Kioo cheupe. Amejaribu mpaka mchana. Rejista haipo popote duniani.

Isipokuwa kwenye kabati langu, folio ya tisa, haki mia na kumi na mbili, zikiwa na muhuri. Makao makuu wamepiga simu: mpaka kiandikwe kitabu kipya, jalada hilo ndilo rejista. Nimewaomba ruhusa ya kubadili kichwa chake. Wamekataa. Lilikwisha kupokelewa barazani kwa jina hilo. Mwananchi yeyote akija akaomba, asome mwenyewe au asomewe.

Ijumaa, 6 Julai

Baridi, ukungu mpaka getini. Kompyuta ya dirishani nayo mradi umeichukua, na mezani pale hapana mtu. Sijahamia.

Saa nane mlango ulinigonga. Brightness. Hakwenda mahali pake. Alisimama mbele ya meza yangu, akachukua fomu ya maombi kama mgeni, akaijaza yote. Jina. Makazi. Nyaraka inayoombwa. Pale penye sababu ya kusoma akaandika: Jina langu limo.

Nikamletea. Sikuwa na haki ya kumnyima.

Alikaa benchi, akasoma kuanzia folio ya kwanza, bila kuruka, akilowesha kidole kama nilivyomfundisha. Nilijifanya napanga fomu. Saa tisa ikapita. Akacheka mara moja, sijui wapi. Mara moja akajifuta macho, hapo nadhani napajua.

Aliporudisha akasema, "Mama, folio ya pili, namba hamsini na nane. Ulinizungushia kosa. Halikuwa kosa. Ni wewe uliyesoma vibaya, mimi niliandika kama kitabu kilivyosema."

Nikatazama. Nikakumbuka ukurasa ule. Kweli tupu.

"Jalada halifutwi," nikamwambia. "Lakini linaongezwa folio. Kaa uandike."

Nikampa karatasi, nikampisha kiti changu. Akaandika mistari mitatu, akaisaini. Nikaigonga muhuri, nikaipa namba kumi na moja. Kisha nikaisoma, kama ninavyosoma kila kinachopita hapa. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo nalo limeniuma, ila si sana.